SOMO: Moshi wa mbali na moshi wa nyumbani

Wakimbizi wenzangu,

Kila kiangazi tunaona jambo lile lile. Asubuhi unatoka nje, unatazama upande wa Rwenzori, na milima haionekani. Hewa ni ya kijivu kutoka Kasese mpaka Bwera na Mpondwe. Hata Kasindi, ng'ambo ya mto Lubiriha, inaonekana kwa shida. Watu wanakohoa, na maneno yanaanza. Wengine husema ni moshi wa volkano ya Goma. Wengine husema ni watu wa ng'ambo wanaochoma mashamba. Wenyeji nao husema ni wakimbizi na kuni zao. Nani anasema kweli? Tujifunze pamoja.

Kitu gani kiko hewani?

Moshi na vumbi ni chembe ndogo sana. Unywele wa mtu una unene wa mikromita kama 70. Chembe zinazodhuru zaidi hazizidi mikromita 2.5. Kwa udogo huo pua haiwezi kuzizuia. Zinaingia mpaka ndani kabisa ya mapafu, na nyingine zinapita katika damu. Zinaleta nimonia kwa watoto, na ugonjwa wa moyo na mapafu kwa watu wazima.

Chembe nzito za vumbi huanguka karibu. Lakini zile ndogo hukaa hewani siku nyingi, na upepo huzibeba mamia ya kilomita. Hazina kibali wala pasi, mpaka haziujui.

Moshi wa mbali unatoka wapi?

Sehemu kubwa hutoka kwenye moto wa nyasi na mashamba. Afrika ina majira mawili ya moto:

1. Desemba mpaka Februari. Moto huwaka kaskazini yetu: Sudan Kusini, Afrika ya Kati, kaskazini ya Congo na kaskazini ya Uganda. Wakati huo upepo unatoka kaskazini-mashariki. Watu wa pwani huuita kaskazi.

2. Juni mpaka Agosti. Moto huhamia kusini: Tanzania, Zambia, Angola na Katanga. Upepo nao hugeuka, ukatoka kusini-mashariki.

Tunajuaje? Nchini Rwanda kuna kituo cha kupima hewa juu ya mlima Mugogo, mita 2,590 juu ya usawa wa bahari, mbali na miji mikubwa. Vipimo vyake vimeonyesha kwamba masizi hewani huongezeka katika majira yote mawili ya kiangazi, na setilaiti zinaonyesha moto huo unawaka wapi.

Na volkano? Ni kweli, Nyiragongo na Nyamuragira hutoa gesi ya salfa, na gesi hiyo ikiwa njiani hugeuka kuwa chembe. Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021, wengi wetu tunakumbuka. Lakini ukungu unaorudi kila kiangazi kwa wakati wake, chanzo chake kikubwa ni moto wa nyasi.

Moshi wa karibu unatoka wapi?

Huu tunauona kwa macho: mafiga matatu, tanuri za makaa na za matofali, takataka na plastiki zinazochomwa, vumbi la barabara, na malori yanayosubiri mpakani Mpondwe huku injini zinanguruma. Usiku hewa baridi hushuka kutoka milimani na kulala bondeni. Basi moshi wa chakula cha jioni haupandi juu. Unalala pamoja nasi.

Jinsi ya kuutofautisha

Moshi wa mbali uko kila mahali kwa wakati mmoja, tangu asubuhi mpaka jioni, siku nyingi mfululizo. Mvua kubwa ikinyesha, hupungua. Moshi wa karibu huzidi asubuhi na jioni, una harufu, na nyumba hii inaweza kuwa nao kuliko ile.

Mimi mwenyewe nilichelewa kuelewa. Shangazi yangu alikuwa akipikia ndani ya hema, mtoto mgongoni. Mtoto alikohoa kiangazi kizima, nasi tukasema ni moshi wa porini. Mvua ikaja, Rwenzori ikaonekana vizuri, lakini mtoto akaendelea kukohoa, hata zaidi. Muuguzi aliuliza swali moja tu: "Mnapikia wapi?" Tukanyamaza. Kwa sababu ya mvua, moto tulikuwa tumeuingiza ndani kabisa.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nyumba isiyopitisha hewa, moshi wa kupikia unaweza kuzidi kiwango kinachokubalika mara 100. Moshi wa majumbani uliua watu kama milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto chini ya miaka 5.

Basi fikiria beseni. Moshi wa mbali umekwisha kulijaza nusu kabla hujawasha moto. Hatuwezi kuuzuia. Lakini kinachofanya beseni limwagike ni kile tunachoongeza sisi. Kwa hiyo siku ambayo milima haionekani ndiyo siku ya kuangalia zaidi moto wetu.

Tufanye nini?

- Pika nje, au chini ya kibanda kilicho wazi pande zote. Kamwe usipike ndani ya hema.
- Tumia kuni kavu zilizopasuliwa. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi.
- Loweka maharage usiku, na funika sufuria. Yataiva mapema, na kuni zitabaki.
- Mtoto akae mbali na moto, asiwe mgongoni mwa mpishi.
- Usichome plastiki. Nyunyiza maji kabla ya kufagia.
- Makaa hayana moshi mwingi, lakini yana gesi isiyo na harufu inayoua. Usilale na jiko la makaa ndani.

Mpeleke mtoto kwenye zahanati upesi ikiwa kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au anapumua haraka: mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa chini ya miezi 2, mara 50 au zaidi akiwa na miezi 2 mpaka 11, mara 40 au zaidi akiwa na mwaka 1 mpaka 5. Hesabu akiwa ametulia, kwa dakika nzima.

Maswali ya kujadiliana

1. Leo milima inaonekana? Upepo unatoka wapi?
2. Katika mtaa wetu, moshi unazidi saa ngapi?
3. Ni nyumba zipi zinapikia ndani kwa kukosa kibanda? Tuanze kusaidia ipi kwanza?