SOMO: SIKU SABA NJE YA KAMBI

Soma: Hesabu 31:19-24, Marko 5:1-20

Wazee wetu wanakumbuka Desemba 2000, Pweto ilipoanguka mikononi mwa RCD na jeshi la Rwanda. Askari wa serikali walivuka kuingia Zambia pamoja na raia, wakanyang'anywa silaha. Tangu 2017 wengine tumepita Chiengi na Kenani hadi hapa Mantapala, na kati yetu wamo baba waliowahi kushika bunduki, na vijana waliochukuliwa na maimai wakiwa watoto.

Mnawajua. Hapati usingizi. Bati likigongwa na upepo, anaruka. Hasira inamjia ghafula, halafu pombe. Majirani wanasema ana pepo, au damu inamfuata.

Tuangalie Hesabu. Watu wa Musa walirudi kutoka Midiani wakiwa washindi. (Sura hiyo ina mambo mazito, leo tunachukua kipande hiki tu.) Hata hivyo aliyeua, au aliyegusa maiti, hakuingia hemani mwake siku ileile. Alikaa nje siku 7, akajitakasa siku ya 3 na ya 7, nguo zikasafishwa, chuma kikapitishwa motoni. Wala hakukaa peke yake, wenzake walikuwa naye. Sisi tunataka mtu afike leo, kesho awe baba mpole!

Yule wa makaburini, ng'ambo ya ziwa, alijikata kwa mawe. Biblia haisemi alikuwa askari, lakini jina alilotaja, Legioni, ni la kikosi cha Warumi cha askari kama 5,000. Yesu alimtuma nyumbani kwa watu wake. Angalieni pia wenyeji: walipomwona ana akili timamu, ndipo walipoogopa.

Wazee, msimlazimishe ndugu huyu kusimama kanisani aeleze aliyoyafanya. Wanaume wawili wakae naye, wasikilize, wasihubiri. Mpelekeni kliniki pia. Maombi hayakatazi dawa.

Nawe mama unayepigwa, usiambiwe kwamba kuvumilia ndiyo utii. Vita haimpi mtu ruhusa ya kukupiga. Toka usiku uleule na watoto, polisi waarifiwe, wazee wamwendee mume asubuhi.

Swali kwa vikundi vya nyumbani: katika mtaa wetu, ni nyumba gani itamfungulia mama huyo saa nane za usiku, na ni wanaume gani wawili watakwenda?