Jani Litegalo Wadudu

Mmea hauna misuli wala mishipa ya fahamu. Basi wawezaje kumkamata mdudu? Katika nchi zenye majimaji za Carolina, huko Marekani, uko mmea mdogo uitwao Dionea. Udongo wa huko ni maskini, kwa hiyo hujilisha wadudu. Jani lake lina pande mbili kama kitabu kilichofunuliwa, na kila upande una vinywele, aghalabu vitatu. Kinywele kikiguswa mara moja, jani hutulia. Yamkini ni tone la mvua tu. Kikiguswa tena kabla ya kupita sekunde 20 hivi, jani hujifumba kwa muda upatao sehemu ya kumi ya sekunde.

Wepesi huo watoka wapi? Jani likiwa wazi, uso wake umebinuka, nalo limejaa mkazo mfano wa upinde uliovutwa. Ngozi ya nje hutanuka kidogo tu, na mara uso hugeuka ukawa kama kiganja kilichokunjwa, vile kifuniko cha bati kibonyezwavyo kwa kidole. Wataalamu walieleza hayo mwaka 2005.

Kufumba bure ni hasara kubwa, maana hupita muda wa siku hivi kabla jani halijafunuka tena. Lakini mdudu akipapatika ndani, huvigusa vinywele tena na tena; ndipo jani hubana sana na kutoa maji ya kumyeyusha. Sisimizi mdogo hupenya katikati ya meno ya ukingoni, akaenda zake.