Bei Hushuka, Matunzo Hayashuki: Daftari la Benzi Kuukuu la Chiwata

Bumu likiingia tu, hosteli zinageuka yadi ya magari. Mtu anatoa simu, anawaonyesha wenzake BMW ya mwaka 2004 au Crown yenye viti vya ngozi, bei yake sawasawa na ya IST. "Oneni hii, wanangu! Hela ya IST, heshima ya waziri." Tunacheka, ila wapo wanaodunduliza kweli, na wapo watakaopata ajira na kukimbilia mkopo wa benki mwezi wa tatu tu kwa sababu hiyo hiyo. Makala hii ni yao. Siwaambii wasinunue. Nataka tufanye hesabu kwanza, kwa mfano wa gari moja ninalolijua hadi nati zake.

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz 300CE ya mwaka 1990. Mwenye nalo ni mjomba wangu, mkulima wa korosho Chiwata, wilaya ya Masasi. Mimi nasoma uhasibu, na tangu niingie chuo Mjomba amenikabidhi daftari la gari lile. "Mpwa wangu, wewe si unasomea kuhesabu hela za watu? Basi anza na zangu." Kwetu kusini, Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo mjomba si ndugu wa kusalimiwa sikukuu tu. Ndiye anayesimama kwenye harusi, kwenye msiba na kwenye ada. Ada yangu na mafuta ya gari lile vinatoka mfuko mmoja, kwa hiyo hesabu hizi kwangu hazijawahi kuwa zoezi la darasani.

Ni gari la namna gani

Waitaliano walianza kuyaita magari ya aina hii gran turismo, yaani gari la safari kuu: lenye nguvu ya kwenda mbali kwa kasi, na starehe ya kumfikisha mtu bila kuchoka. Si gari la mashindano, wala si la kubeba viroba. 300CE ni tawi la milango miwili la familia ya W124, ile ile ambayo sedani zake zilifanywa teksi sehemu nyingi za dunia kwa sababu ya uimara. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa lita 3, nguvu za farasi kama 180.

Zamani aliyelipanda gari la namna hii tulimpa kabila kabisa: Mbenzi, wingi Wabenzi. Leo gari lile lile linamilikiwa na mkulima, tena kwa fedha taslimu. Hapo ndipo somo linapoanzia.

Raha zake, tuziseme ukweli

Wanaopinga magari ya kifahari hupenda kusema ni majivuno matupu. Si kweli. Gari hili halina nguzo katikati ya kioo cha mbele na cha nyuma, kwa hiyo ukishusha vioo vyote ubavu mzima unabaki wazi kama baraza. Ukikaa na kuwasha, kimkono kidogo kinatoka nyuma ya bega na kukusogezea mkanda. Mabinti wa Chiwata wameolewa wakipelekwa na gari lile, na mama zao huomba kimkono kile kifanye kazi tena ili wakione.

Barabarani ndipo unapoelewa lilitengenezwa kwa ajili gani. Kutoka Masasi hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 600. Ukiondoka saa kumi alfajiri unapita Ndanda kukiwa bado giza, jua linakukuta mbele ya Mingoyo, unaendelea Nangurukuru, Somanga, halafu unavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Watu wazima wanakumbuka zama za kivuko na matope, safari ya kulala njiani. Leo saa saba mchana uko Mbagala, mgongo hauumi, na mmeongea na Mjomba njia nzima bila kupaza sauti. Gari linaweza kupita kilomita 200 kwa saa, lakini kila kijiji kina kibao cha 50 na trafiki mwenye tochi, kwa hiyo raha yake haiko kwenye kukimbia. Iko kwenye utulivu. Raha hiyo ina thamani, nami sitaiandikia sifuri kwenye hesabu.

Kwa nini liliuzwa rahisi

Mjomba alilinunua Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2017 kwa shilingi milioni 9. Gari ambalo lilipokuwa jipya lilikuwa la wakurugenzi, limefikaje bei ya IST? Jibu ni uchakavu wa thamani. Gari la kifahari hupoteza thamani haraka kuliko la kawaida, kwa sababu mnunuzi wa kwanza alilipia upya na jina, na mnunuzi wa tatu anaogopa gharama. Soko halikosei sana. Bei ikiwa chini hivyo, ujue wenzako wameshapiga hesabu ya matunzo wakakimbia.

Kitu kimoja hakishuki. Kilengesha mafuta, gasketi, bushi na rejeta vilibuniwa kwa gari la bei ya juu, na vinaendelea kuuzwa kwa bei ya gari la juu hata kama bodi lote sasa ni milioni 9. Wewe unanunua gari la mkulima, lakini spea unanunua za mkurugenzi.

Anayefikiri ataagiza la kwake nje naye akae chini ahesabu. Tuseme thamani ambayo TRA wanalikadiria gari ni 100. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, tunafika 125. Injini inayozidi cc 2,000 ina ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 ya hiyo 125, na gari lililozidi miaka 10 linaongezewa asilimia 30 ya uzee. Sasa tuko 175. VAT ya asilimia 18 inatufikisha 206.5, na bado kuna tozo ndogondogo. Kodi imezidi thamani ya gari lenyewe. Wenzetu wa Kenya hawana hata mjadala huo, maana gari lililozidi miaka 8 haliingii nchini mwao.

Daftari la mwaka 2023

Mwaka ule gari lilitembea kilomita 6,200, zikiwemo safari mbili za Dar kwenda na kurudi. Haya ndiyo matumizi yake, kwa shilingi:

Petroli lita 775, kwa wastani wa 3,000 kwa lita: 2,325,000
Oili na filta, mara mbili: 380,000
Tairi mbili: 360,000
Bushi na boljointi za mbele, pamoja na ufundi: 520,000
Gasketi ya silinda hedi, sili za valvu na ufundi: 1,450,000
Bima ndogo: 118,000
Belti, plagi, balbu na nauli za vifurushi vya spea kwenye basi: 247,000
Jumla: 5,400,000

Hiyo ni 450,000 kwa mwezi, au shilingi 871 kwa kila kilomita. Ni asilimia 60 ya bei ya kununulia, imeliwa kwa mwaka mmoja. IST inayokula lita 7 kwa kilomita 100 ingetumia lita 434 kwa mwendo ule ule, yaani 1,302,000 za petroli. Na safari ya Masasi hadi Dar peke yake inataka petroli ya karibu 198,000 hata ukibana mguu, wakati nauli ya basi haifiki robo ya hapo.

Kumbuka pia kwamba ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta. Kwa mwenye gari dogo hiyo ni nafuu. Kwa mwenye silinda sita, kila lita anachangia tena.

Tupime kwa korosho

Shilingi hudanganya, kwa sababu kipato cha mkulima hakiji kwa shilingi, kinakuja kwa kilo. Msimu wa 2017/18 bei mnadani ilivuka 4,000 kwa kilo. Chukua 4,000 bila makato: gari la milioni 9 lilikuwa kilo 2,250. Msimu uliofuata, wakulima na wanunuzi wakashindwana bei, na Novemba 2018 Serikali ikaingia kununua kwa 3,300, jeshi likabeba mzigo. Miaka iliyofuata bei ikashuka zaidi. Sasa ukipiga kwa 2,000 kwa kilo, matumizi ya mwaka 2023 ni kilo 2,700.

Soma tena hapo. Kulitunza gari mwaka mmoja kumekula korosho nyingi kuliko kulinunua. Si kwamba Mjomba alinunua vibaya. Gari lilinunuliwa kwa kipato cha mwaka mzuri, na linatunzwa kwa kipato cha miaka yote, mizuri na mibaya. Wewe mwajiriwa mtarajiwa usicheke. Mshahara nao una misimu yake: kuna mwezi wa posho na kuna mwezi wa msiba.

Rejeta na shamba

Gharama kubwa ya mwaka ule, ya gasketi, ilianza na kitu kidogo. Fundi mmoja wa zamani alikuwa ameng'oa themostati na kujaza maji matupu kwenye rejeta. Ni desturi ya gereji nyingi: "Mzee, nchi hii ya joto, hiki kidude cha nini?" Kazi ya kidude hicho ni kuifikisha injini kwenye joto lake sahihi na kuiweka hapo. Kikitolewa, injini hutembea ikiwa baridi, mafuta yanaongezeka na vyuma vinalika. Maji bila kulanti nayo huleta kutu, kutu huziba matundu ya rejeta, na siku ya mlima mrefu joto linapanda hadi hedi inapinda. Huku kwetu kwenye uwanda wa Makonde maji ya kunywa yenyewe ni ya kutafuta, nani atakumbuka kusafisha rejeta?

Gasketi iliungua mwishoni mwa Juni, wakati mikorosho inakaribia kutoa maua. Nyumbani ilikuwepo milioni moja na nusu. Ilikuwa ya vibarua wa palizi, petroli ya mashine za kupulizia na dawa ya nyongeza. Ubwiri unga hausubiri. Ukilikuta ua halijapuliziwa, umekula msimu. Mama mkubwa alisema gari liuzwe kama lilivyo. Kijana mmoja alikuja na laki nane mkononi.

Mjomba aliniita kwenye simu. Nilimsalimia, akaitikia, akauliza moja kwa moja: "Daftari linasemaje?" Nikamsomea. Akanyamaza, halafu akasema, "Basi gari likae. Halijawahi kuzaa korosho hilo."

Likakaa chini ya mwembe miezi minne, limefunikwa turubai. Mjomba akawa anapanda bodaboda na basi, na wapo waliomcheka. Shamba likapuliziwa kwa wakati. Novemba fedha za mnada zilipoingia, alilipa kwanza ada yangu, ndipo akamwita fundi. Themostati mpya iliwekwa, na kulanti.

Tangu hapo kuna kanuni nyumbani, na mimi ndiye niliyeiandika ukurasa wa kwanza wa daftari: gari halili shamba wala ada. Kila mauzo yanapoingia, fungu la gari linatengwa. Fungu likiisha, gari linapumzika hadi msimu mwingine. Mwaka huu limepumzika mara moja, na hakuna aliyelala njaa.

Kabla hujalipa

Mwenzangu unayetamani BMW ile ya kwenye simu, jiulize manne.

Kwanza, je, baada ya kulinunua utabaki na angalau nusu ya bei yake pembeni kwa mwaka wa kwanza? Kama bei ndiyo fedha yako yote, huna gari, una mapambo.

Pili, nani atalitengeneza? Si "fundi yupo", bali fundi gani, ametengeneza injini ya aina hiyo mara ngapi, na spea atazitoa Ilala au atasubiri meli? Benzi la Mjomba linatumia mfumo wa mafuta wa KE-Jetronic, nusu wa kimekanika na nusu wa umeme. Petroli chafu ikiuziba, fundi wa kubahatisha anaumaliza.

Tatu, je, unaweza kuishi miezi minne bila gari hilo? Kama kazi yako inalitegemea kila asubuhi, nunua IST na usione haya.

Nne, ni nini kinachokula sahani moja na gari hilo? Andika majina: ada ya mdogo wako, dawa za bibi, mtaji. Halafu andika nani ataanza kula na nani atasubiri, na uandike kabla gasketi haijaungua, kwa sababu siku hiyo kila mtu anakuwa na sababu nzuri.

Ukiyajibu manne hayo na bado unalitaka, nunua, na ukipita Nangurukuru jua linachomoza, shusha vioo vyote vinne. Mjomba anasema hiyo ndiyo faida, na nimempa safu yake kwenye daftari. Haina tarakimu, lakini hajawahi kuniruhusu niifute.