Barua za Deni Tusilowiwa

Mafundisho kwa walimu na wazee wa sharika. Someni kwanza Luka 16:1-8 na Yeremia 32:6-15.



Mwaka huu watu wengi wamekuja mlangoni petu wameshika karatasi au simu, nao hutuuliza neno lile lile: "Mchungaji, nimeandikiwa kwamba nadaiwa, nami silijui deni hili. Nifanyeje?"

Tumeona jambo la ajabu kidogo katika habari hii. Ajaye kwetu si yule akopaye huku na huku, ambaye akimwona mdai wake hupita njia nyingine. Huyo akipata barua huitupa, akalala usingizi. Ajaye ni mtu mwaminifu, asiyeazima hata chumvi kwa jirani pasipo kuirudisha. Huyo ndiye atetemekaye, na hao waandikao barua za uongo wamjua sana.

Mama mmoja mzee wa usharika wetu alipata ujumbe katika simu yake kwamba anadaiwa shilingi 86,000, na ya kuwa asipolipa kabla ya jua kuchwa, jina lake litapelekwa kwa watu wote wanaomfahamu. Mama huyu hakukopa kwa mtu ye yote. Lakini alimwuza mbuzi wake, akalipa. Baada ya siku tisa ukaja ujumbe mwingine, kwamba zile za kwanza zilikuwa riba tu, na sasa zimebaki shilingi 140,000. Hapo ndipo alipokuja kwetu. Tulipomwuliza kwa nini alilipa, alijibu: "Baba Mchungaji, niliona haya. Nilisema moyoni, jina langu likitajwa, hata kama ni uongo, nitaketi wapi kanisani?"

Hatukuweza kumkemea. Lakini neno lake limetufundisha kwamba kazi hii yatuhusu sisi walimu kuliko tulivyodhani. Mama alinunua kunyamaziwa, na kitu hicho mwenye kukiuza aweza kukiuza tena kesho.

Yatupasa kujua zitokako barua hizi, maana hazina chanzo kimoja. Nyingine ni za wevi tu, ambao hupeleka ujumbe ule ule kwa namba nyingi pasipo kujua ni za nani, wakitumaini kwamba katika watu mia mmoja ataogopa. Nyingine hutoka kwa wakopeshaji wa njia ya simu. Mtu akopaye kwao huiruhusu programu yao kusoma majina yote yaliyomo katika simu yake, naye mara nyingi hajui kwamba ameruhusu. Akichelewa kulipa, huwaandikia wote waliomo, na kuwaita wadhamini. Namba ya mchungaji imo katika simu za watu wengi. Kwa hiyo sisi wenyewe tumekwisha kuitwa wadhamini wa watu tusiowajua hata sura, na mara moja wa kijana tuliyembatiza sisi, ambaye hakutuuliza neno. Mtu hawi mdhamini kwa sababu mwingine ameliandika jina lake. Huwa mdhamini kwa kukubali mwenyewe.

Tena yako makosa yasiyo na hila. Laini ya simu isiyotumiwa kwa muda mrefu hupewa mtu mwingine, naye akiifungua hupokea madeni ya mwenyeji wa kwanza pamoja na salamu za shangazi zake. Na katika nchi yetu, ambamo watu wa ukoo mmoja wana majina yale yale ya ubatizo, barua ya mmoja humfikia mwingine kwa urahisi. Kwa hiyo tusimwite kila mwandishi mwizi kabla ya kuuliza.

Serikali haikunyamaza. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yakataza kufanya kazi ya kukopesha pasipo leseni. Mwezi wa Novemba mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu kwa njia ya mtandao pasipo kibali chake. Tena iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake hupokea malalamiko ya watu ambao namba na habari zao zimetumiwa vibaya. Twayaandika haya ili mwalimu asidhani kwamba anayetishwa hana pa kwenda ila kwa mchungaji wake.

Sasa tuyatazame Maandiko. Katika Luka 16 yule wakili dhalimu awaita wadeni wa bwana wake, na kila mmoja aandika upya hati yake mwenyewe: wa mafuta toka mia mpaka hamsini, wa ngano toka mia mpaka themanini. Twazoea kuhubiri juu ya busara ya wakili, na ndiyo maana ya mfano. Lakini walimu na waangalie pia jinsi kazi ile ilivyofanyika upesi, kwa kuketi mara moja tu na kalamu. Ikiwa hesabu yaweza kushuka hivyo, hata kupanda yaweza. Hesabu iliyoandikwa si kweli kwa sababu imeandikwa.

Na katika Amri ya Saba, wengi wetu twakumbuka nusu moja tu ya maelezo ya Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, kwamba tusichukue mali ya jirani. Nusu ya pili yatuagiza kumsaidia jirani aitunze mali yake na kuiongeza. Basi mwalimu anayemwona mjane akiuza mbuzi kulipa deni la uongo, akanyamaza kwa kuwa si mambo ya kiroho, ameiacha nusu ya amri. Watu husema pia kwamba Mkristo mpole hulipa tu ili pawe na amani. Sisi hatukubali. Fedha ile yamtia mwizi nguvu ya kumwandikia jirani yako.

Nini basi kifanyike? Kwanza, siku ile ile ya kupokea barua, mtu asilipe wala asiahidi. Deni la kweli halitakuwa la uongo kwa kungoja siku tatu. Akiona kwamba ujumbe ni wa mwizi wa simu, asimjibu kabisa. Aupeleke kwa namba 15040, iliyowekwa kwa kazi hiyo, na katika simu yake abonyeze *106# aone kama ziko laini zilizoandikishwa kwa kitambulisho chake asizozijua. Kama amekwisha kutuma fedha, asione haya tena, bali apige simu mara moja kwa kampuni yake ya simu, kisha aende polisi. Namba yake ya siri asimpe mtu, wala nakala ya kitambulisho asimpelekee mtu asiyemjua kwa ajili ya "kuhakikisha".

Lakini kama mwandishi ana ofisi na jina, apelekewe jibu la maandishi. Wengi wameomba tuwatungie, nasi tumeliandika hivi:

"Nimepokea barua yenu. Silitambui deni mnalolitaja, wala sikubali kwamba nadaiwa. Nionyesheni kwa maandishi jina la mkopeshaji wa kwanza na namba ya leseni yake, tarehe ya mkopo, kiasi kilichokopwa, na nakala ya mkataba wenye sahihi yangu. Kama mmenunua deni hili au mmetumwa kulikusanya, nionyesheni hati inayowapa ruhusa. Mpaka nitakapoyaona hayo sitalipa kitu, na malipo ye yote sitayapeleka kwa namba ya mtu binafsi."

Barua hii iandikwe mara mbili. Moja ikabidhiwe ofisini, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, kisha irudi nyumbani. Walimu, hapo msichoke kuwaandikia wasiojua kuandika vizuri. Mwenye deni la kweli mkononi hupata karatasi zake kwa urahisi, wala hachukizwi na kuulizwa. Hao wengine hukasirika.

Liko neno moja la kuangalia sana. Mdai wa uongo, au wa deni la kale, mara nyingi husema kwa upole: "Lipa kidogo tu, hata elfu tano, tuonyeshe kwamba una nia njema." Kwa Sheria ya Ukomo ya nchi yetu, madai ya mkataba kwa kawaida hupelekwa mahakamani ndani ya miaka 6. Lakini mdaiwa akilipa sehemu kabla ya muda huo kwisha, au akikiri kwa maandishi yenye sahihi yake, hesabu ya miaka huanza upya. Tena elfu tano hizo hutumiwa kuwa ushuhuda kwamba deni ni lako. Kwa hiyo kidogo hiki ni kikubwa.

Twajua kwamba mtu fulani atalisoma neno la miaka 6 na kufurahi kwa sababu nyingine. Huyo twamwambia wazi: miaka hiyo yaufunga mlango wa mahakama, haiifungi dhamiri. Yule mjane wa 2 Wafalme 4 alikuwa na deni la kweli, na Elisha hakumtafutia njia ya kulikana. Mafuta yalipojaa vyombo alimwambia auze, alipe, ndipo yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Anayejua kwamba alikopa na amtafute mdai wake, hata kama amesahauliwa.

Kama karatasi ina jina la mahakama na namba ya shauri, isitupwe. Mtu asipige namba iliyoandikwa humo. Aende mahakamani penyewe, amwulize karani kama shauri hilo lipo. Kama halipo, amepata ushuhuda wa kupeleka polisi. Kama lipo, ajibu katika siku alizopewa, hata kama deni ni la uongo kabisa. Asiyejibu aweza kuhukumiwa pasipo kusikiwa, na baadaye dalali wa mahakama aje na amri iliyo halali. Lakini mkopeshaji mwenyewe hana ruhusa kuingia nyumbani mwa mtu kwa nguvu, akachukua godoro na masufuria, kama wafanyavyo wale wa mikopo ambayo watu huiita kausha damu. Mambo hayo ni ya kumwita mtendaji na polisi.

Habari ya wajane yatuumiza kuliko zote. Mara matanga yakiisha huja mtu na kijikaratasi, akisema, "Marehemu alikuwa na deni langu." Pengine ni kweli. Basi na alipeleke kwa msimamizi wa mirathi pamoja na ushuhuda wake, maana madeni ya marehemu hulipwa katika mali aliyoiacha. Mjane hawi mdaiwa kwa kuwa alikuwa mke, isipokuwa yeye mwenyewe alikopa pamoja naye au alimdhamini. Wazee wa kanisa wamwambie hivyo mapema, kabla kijikaratasi hakijafika, na mtu asimwache akae peke yake na mdai.

Nabii Yeremia alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, naye amefungwa, na mji umezungukwa na jeshi la Babeli. Hata hivyo alipima fedha mbele ya mashahidi, akaandika hati, moja yenye muhuri na moja iliyo wazi, akamwagiza Baruku azitie katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Sisi tulio na amani twatupa stakabadhi zetu, au twawashia moto. Kila nyumba na iwe na bahasha moja au kopo la bati la kutunzia karatasi za ada, za kiwanja, za mikopo iliyolipwa. Aliyemaliza kulipa na aombe barua ya kumaliza, hata kama mkopeshaji ni shemeji yake.

Yule mama hakurudishiwa mbuzi wake. Ujumbe wa pili hakuujibu, wala wa tatu, na Jumapili iliyofuata tulisimama pamoja naye mbele ya usharika, kwa hiari yake, akaeleza mwenyewe yaliyompata. Baada ya ibada watu wanne walibaki nyuma, kila mmoja na simu yake. Mmoja wao alikuwa mzee wa kanisa.