Farasi Barbaro

Katika nchi ya Marekani palikuwa na farasi dume wa mashindano, jina lake Barbaro. Tarehe 6 Mei, 2006, alishinda mbio kuu za Kentucky. Tarehe 20 ya mwezi ule ule akashindana tena mjini Baltimore. Hakwenda mbali, mguu wake wa nyuma wa kulia ulivunjika mahali pengi. Mpandaji wake akamzuia upesi, akashuka, ili mguu usizidi kuharibika.

Labda mtauliza: Mbona mtu aliyevunjika mguu huuguzwa, na farasi mara nyingi huuawa? Sababu ni hii. Mtu aweza kulala kitandani hata mfupa ushikane. Farasi ana uzito wa kilo 500 hivi. Akilala siku nyingi mapafu na nyama za mwili wake huumia. Hana budi kusimama. Naye akiuepusha mguu mbovu, uzito huuelemea mguu ulio mzima. Ndani ya ukwato mna nyama nyororo ziushikazo ukwato na mfupa. Mguu ukilemewa mno, damu haipiti vema, nyama zile huachana na ukwato, na maumivu yake ni makali.

Wenye Barbaro wakampeleka hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Siku ya pili Daktari Dean Richardson akaiunga mifupa kwa bamba la chuma na skrubu 27. Kisha farasi akatiwa katika chelezo cha mpira ndani ya hodhi la maji, ili atakapoamka usingizini asijipigepige na kuuvunja mguu tena.

Mfupa ukaanza kuunga. Lakini mwezi wa Julai ukwato wa nyuma wa kushoto ukashikwa na ugonjwa ule niliowaeleza, na daktari akaukata sehemu kubwa. Hata hivyo Barbaro alikula na kutembea. Basi wakaendelea kumwuguza. Kila siku walimtazama na kuulizana: Je, anakula? Anasimama pasipo mateso? Liko tumaini la kupona?

Miezi 8 ikapita. Januari 2007 mguu ulioungwa ukafanya jipu katika ukwato, kisha ugonjwa ukaingia kwato zote mbili za mbele. Sasa hakuwa na mguu mwema hata mmoja wa kusimamia. Tarehe 29 Januari wenyewe na daktari wakapatana, akapigwa sindano, akafa pasipo maumivu.

Watu wale walimpenda farasi wao siku ya kwanza na siku ya mwisho. Walipoona tumaini walivumilia gharama na taabu. Lilipokwisha, hawakumwacha ateseke kwa sababu wao hawakutaka kuagana naye. Nawe ukiwa na punda au ng'ombe aliyeumia, mwite mjuzi wa wanyama mapema, ukaulize maswali yale matatu.

MASWALI
1. Kwa nini farasi hawezi kuuguzwa amelala?
2. Mguu mzima uliumiaje?
3. Ni jambo gani lililobadilika Januari 2007?