Huduma ya Mgonjwa ni Ibada

Katika Sura Al-Maida, aya ya 33, Qurani Tukufu inaipa nafsi moja iliyookolewa uzito wa wanadamu wote. Wengi wetu tukiyasikia mafundisho haya hufikiria matendo makubwa ya mabingwa. Lakini, ndugu msomaji, mwenye kujitolea katika zahanati ya mashambani, mbali na kwao, huona upesi kwamba mara nyingi nafsi huokolewa kwa mambo madogo yafanywayo kila siku kwa uaminifu.

Mwaka 1970 Hadhrat Khalifatul Masih III (r.h.) alizuru Afrika Magharibi, na kutokana na ziara hiyo ukaanzishwa Mpango wa Nusrat Jahan wa kujenga hospitali na shule. Madaktari Waahmadiyya waliondoka Pakistan wakaenda kuhudumia watu wa mahali kama Kokofu na Asokore, nchini Ghana. Kijana asiye daktari huuliza: “Mimi nikienda huko nitafanya nini?” Somo hili ni jibu lake.

Kwanza ni salamu. Baada ya Sala ya Alfajiri, kabla jua halijapanda, wagonjwa wamekwisha kaa kwenye mabenchi, na baadhi yao wametembea mwendo mrefu. Katika nchi ya Waashanti lugha yao ni Kitwi; basi mgeni ajifunze kuwaamkia kwa lugha hiyo. Tena asimpe mtu kitu kwa mkono wa kushoto, kwani kwao ni utovu wa adabu. Mwislamu aliyelelewa kutumia mkono wa kulia hataona taabu.

Pili ni mizani. Kumpima mtoto uzito huonekana kazi duni, kumbe dawa hufuata uzito. Katika dawa ya mseto ya malaria itumiwayo sana, mtoto wa kilo 14 hupewa kidonge 1 kila mara, na wa kilo 16 hupewa 2, mara mbili kwa siku kwa siku 3. Basi anayesoma mizani kwa haraka, au anayeandika tarakimu isiyosomeka daftarini, anaweza kumpunja mtoto dawa au kumzidishia. Hiyo ni amana, na juu ya kila amana tutaulizwa.

Tatu ni kufundisha kwa subira. Huja mama na mtoto anayeharisha, macho yamedidimia, ngozi ya tumbo ikifinywa hurudi polepole. Pengine ameambiwa amnyime maji ili tumbo lifunge. Mtoto huyo anauawa na ukosefu wa maji, na dalili hizo zikionekana aitwe muuguzi mara moja. Mama afundishwe bila kuaibishwa: aendelee kunyonyesha, na paketi ya chumvi ya kuharisha ya kipimo cha lita 1 aikoroge katika lita 1 kamili ya maji safi. Asipoipata, lita hiyo atie vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kisha amnyweshe mtoto kidogo kidogo. Usimwache aende mpaka amekueleza yeye mwenyewe jinsi atakavyofanya.

Nne ni kujua mpaka. Asiyesomea udaktari asichome sindano wala asitoe dawa kwa kukisia, hata wagonjwa wakimwita “daktari”. Sifa hiyo ni tamu, lakini kosa lake hulipwa na mgonjwa. Vilevile dawa isifanywe chambo cha dini. Hakuna kulazimishana katika dini, na mtu mwenye homa kali hana nafasi ya kupima hoja. Mhudumie Mkristo, Mwislamu na asiye na dini kwa usawa. Akipona akauliza imani yako, mjibu kwa wema. Asipouliza, hakupungukiwa na haki yake ya kutibiwa.

Sura Ad-Dahr, aya ya 9 na ya 10, inawasifu wanaowalisha maskini, yatima na mateka kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, wasitake malipo wala shukrani. Basi jioni, sakafu ikiisha pigwa deki na mabeseni kuoshwa, anayejitolea ajiulize: kama leo hakuna aliyenishukuru, je, kesho nitaipima mizani kwa uangalifu uleule? Akiweza kusema ndiyo, kazi yake imekuwa ibada.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa watumishi wa namna hiyo. Amin.