Muda: Somo juu ya Hasara Isiyoonekana



Neno "muda" ni katika maneno ambayo mtoto wetu huyajua kabla hajaanza kusoma. Sisi twalitumia kwa maana ya kipindi cha wakati, na asili yake ni Kiarabu. Wajapani nao wana neno la sauti hiyo hiyo, lisilo na ujamaa wowote na letu. Kwao "muda" ni jambo lisilo faida: jasho litokalo bure, na mali ipoteayo bila ya kumfaa mtu. Kukutana kwa maneno haya mawili ni sadfa tupu, lakini ni sadfa yenye mafunzo, kwani kitu cha kwanza kipoteacho katika kazi ya bure ni muda wenyewe.

Somo letu la leo ni juu ya elimu iliyojengwa juu ya neno hilo la Kijapani. Twalileta mbele yenu kwa sababu wengi wetu twalalamika kuwa kazi ni nyingi na pato ni haba, wala hatujakaa siku moja tukapima ni kiasi gani cha kazi yetu kina faida na ni kiasi gani kinakwenda na maji.

Asili ya elimu hii

Elimu hii ilikulia katika kampuni ya magari ya Toyota, iliyoundwa mwaka 1937. Baada ya Vita Vikuu vya Pili nchi ya Japani ilikuwa hoi, na mwaka 1950 kampuni ile ilifika ukingoni mwa kufilisika. Wafanyakazi wengi waliondoka kazini, na mwasisi wake, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu. Viwanda vya Marekani vilikuwa na fedha, nafasi na soko kubwa; viliweza kutengeneza magari kwa wingi na kuyalaza uwanjani yakingojea mnunuzi. Toyota haikuwa na uwezo huo. Basi mhandisi wake mmoja, Taiichi Ohno (1912–1990), alitumia miaka mingi kutafuta jibu la swali moja: katika yote tuyafanyayo tangu asubuhi hadi jioni, ni lipi ambalo mnunuzi angekubali kulilipia, na ni lipi ambalo asingelilipia lau angeliona?

Mwaka 1988 Mmarekani John Krafcik aliipa njia hii ya kazi jina lenye maana ya mwili mkakamavu usio na shahamu. Naye Ohno alizitaja hasara saba, nasi twazieleza kwa mifano ya mitaani kwetu.

Ya kwanza ni kutengeneza kuliko haja. Mama auzaye mahamri anajua kuwa wateja wake hununua mia. Akikaanga mia na hamsini, hamsini yatalala, na pamoja nayo umelala unga, nazi, na usingizi wake wa alfajiri. Ya pili ni kungoja: fundi angojea mbao, na wanafunzi wake wangojea fundi; nasi twajua kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Ya tatu ni uchukuzi usio lazima, kama mzigo ushushwao ghalani leo ili upakiwe tena kesho. Ya nne ni kazi ipitayo matakwa, kama karani aandikaye jambo moja katika madaftari matatu. Ya tano ni mrundo, yaani bidhaa zilizonunuliwa kwa mkopo na kujaa vumbi ilhali deni lenyewe halilali. Ya sita ni mizunguko ya mwili, kama mshonaji ainukaye mara ishirini kutafuta mkasi usio na mahali pake. Ya saba ni makosa: kanzu iliyokatwa vibaya hushonwa mara mbili na hulipwa mara moja.

Ohno aliiona ile ya kwanza kuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu huzaa nyingine. Atengenezaye kuliko haja hana budi kuweka mrundo, kuuchukua huku na huku, na kuyaficha makosa ndani yake. Na katika hasara zote hizi hapana hata moja iliyo wizi, ndiyo maana hatuzioni. Mwizi akichukua shilingi mia mtaa mzima husimama. Shilingi mia ikipotea kila siku kwa kungoja na kurudia kazi, hapana apigaye kelele. Bandu bandu huisha gogo.

Kiwanda cha Kalokol

Huenda msomaji akasema: hayo ni mambo ya Wajapani na viwanda vyao, nasi tuna maduka na mashua. Basi na tuondoke Japani, twende kaskazini mwa Kenya, katika nchi kavu ya Turkana.

Kiasi cha maili arobaini kutoka Lodwar, karibu na Ziwa Turkana, uko mji mdogo wa Kalokol. Katika miaka ya 1970 serikali ya Norway, kwa nia njema ya kuwasaidia watu waliokuwa wakipoteza mifugo kwa ukame, iliazimia kuukuza uvuvi wa ziwa lile. Kikajengwa kiwanda cha kugandisha samaki kwa mamilioni ya dola, kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mitambo ya baridi ilifanya kazi siku chache tu, kisha ikazimwa. Gharama ya kutengeneza baridi katika nchi ambayo joto lake la mchana hufika digrii 35 na kupita, pamoja na gharama ya maji safi jangwani, ilizidi faida ya samaki. Tena katikati ya miaka ile ile ya 1980 ghuba ya Ferguson, iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa ya samaki, ikakauka. Mwaka 1990 uhusiano wa Kenya na Norway ukavunjika, na wafadhili wakaondoka. Jumba lile la baridi likaishia kutumiwa kuwa ghala ya samaki wakavu.

Samaki wakavu! Hapo ndipo penye somo. Watu wa ziwani walikuwa wakimpasua samaki, wakimtia chumvi na kumwanika juani, kama sisi wa pwani tufanyavyo ng'onda. Jua halidai kodi wala mafuta. Samaki mkavu ni mwepesi, husafiri bila ya barafu, na wanunuzi wake wako magharibi mwa Kenya na hata Kongo. Kitu kilichohitajiwa kilikuwa karibu na bei yake rahisi: pengine vichanja vizuri vya kuanikia, ghala isiyoingia wadudu, na njia ya kufikia soko.

Ohno aliwafundisha watu wake wakiona kosa wasimtafute wa kumlaumu, bali waulize "kwa nini" mara tano. Na tujaribu. Kwa nini mitambo ilizimwa? Kwa sababu gharama ilizidi pato. Kwa nini gharama ilizidi? Kwa sababu baridi na maji safi ni ghali jangwani. Kwa nini basi ikachaguliwa kazi itakayo baridi na maji safi? Kwa sababu lilifikiriwa soko la mbali litakalo samaki wa barafu. Kwa nini likafikiriwa soko hilo kabla ya lile lililokuwapo? Kwa sababu shauri lilianzia mezani. Na kwa nini halikuanzia ufukoni? Kwa sababu mwenye mali na mwenye kazi hawakuwa mtu mmoja, na aliyelipa hakuwa ndiye atakayeishi na matokeo.

Wala tusiwacheke Wanorway. Ni wangapi kwetu waliokopa wakanunua mashine kubwa kabla hawajauliza ni nani atakayenunua kitakachotoka ndani yake?

Posho ya Kakuma

Kaskazini-magharibi mwa Lodwar iko Kakuma, penye kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992. Kwa miaka mingi posho yao ilikuwa ni chakula chenyewe. Nafaka ilishushwa katika bandari yetu ya Mombasa, ikapakiwa malorini, ikasafiri zaidi ya kilomita elfu moja, kisha mkimbizi akasimama safuni kuipokea. Baada ya yote hayo wengi waliuza sehemu ya posho kwa bei ya chini wapate mboga au sukari. Huo ni uchukuzi na kungoja, na mwisho wake ni kitu asichokihitaji mpokeaji.

Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza mpango uitwao Bamba Chakula. Sehemu ya posho ikawa fedha ipelekwayo kwa simu, ya kununulia chakula katika maduka yaliyoteuliwa pale pale. Mtu akachagua akitakacho, na mwenye duka wa Kakuma akapata mteja.

Hapa lakini hatuna budi kuweka mpaka ulio wazi. Kupunguza hasara si kupunguza haki. Anayempunguzia mwenye njaa kibaba chake, au mwajiri anayemwachisha kazi mtu mmoja na kumtwika mwenzake kazi za wawili kwa mshahara ule ule, asiseme kuwa amejifunza elimu hii. Hasara yake iko pale pale. Amemhamishia mnyonge tu.

Akiba na mrundo

Pana shubuha nyingine inayotupasa kuijibu. Wazee wetu walisema akiba haiozi. Je, elimu hii yatuambia tusiweke akiba?

Jibu twalipata Namoruputh, magharibi mwa Lodwar, katika njia iendayo Lokiriama na mpaka wa Uganda. Hiyo ni nchi ya wafugaji. Familia ikihama, vyombo vya nyumba hupakiwa juu ya punda: ngozi za kulalia, vibuyu, na vyombo vya maziwa. Ukitafuta humo kitu kisicho na kazi hukioni. Lakini mtu huyo huyo asiyeweka hata chombo cha ziada, akijaaliwa, hufuga mbuzi wengi kuliko awezao kuwala. Mgeni huona mrundo. Kumbe wale ni ngao ya mwaka wa ukame, kwa kuwa anajua baadhi watakufa. Tena hategemei mnyama wa namna moja: ngamia na mbuzi hula majani ya miti na vichaka, ng'ombe na kondoo hutafuta nyasi. Na mtaalamu Philip Gulliver, katika kitabu chake cha mwaka 1955, alieleza namna Waturkana wanavyopeana wanyama na jamaa na marafiki, hata mtu akipatwa na msiba awe na pa kuomba.

Toyota wenyewe walilipata somo hilo kwa njia ngumu. Tetemeko la ardhi la mwaka 2011 liliposimamisha viwanda vya vipuri huko Japani, kazi yao ya magari ilikwama. Baada ya hapo wakahakikisha kuwa vipuri vile vigumu kupatikana vinawekewa akiba ya miezi kadhaa.

Basi tofauti ni hii: akiba ina kusudi na kipimo, mrundo hauna. Ukiulizwa gunia la mchele lililo stoo ni la nini, ukajibu "ni la miezi miwili ya kusi", hiyo ni akiba. Ukijibu "nililikuta rahisi", huo ni mrundo.

Nyumbani na barazani petu

Twaanza na nafsi zetu. Darasa letu hutangazwa baada ya Isha, na mara nyingi huanza nusu saa baadaye. Watu thelathini wakingoja nusu saa, zimepotea saa kumi na tano, nazo ni zaidi ya kazi ya siku nzima ya fundi mmoja. Na karamu zetu za arusi je? Masufuria hupikwa kwa hofu ya maneno ya watu, si kwa hesabu ya wageni, na asubuhi wali humwagwa ilhali baba wa bibi arusi anahesabu madeni. Israfu tumeijua kwa jina tangu chuoni. Hatukuipima kwa kibaba.

Wala haitaki mali kuanza. Tanzania, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza mwaka 2007, kwa msaada wa Wajapani, kuzifuata hatua tano zilizopewa majina ya Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Yaani ondoa kisichotumika, kila kitu kipe mahali pake, safisha, fanya utaratibu mmoja ujulikanao na wote, kisha dumu nao. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu, na ndiyo ituangushayo.

Mtu asiseme kuwa haya ni haraka, na haraka haina baraka. Mwenye haraka hukimbia huku na huku akitafuta mkasi. Mwenye utaratibu hunyosha mkono tu, akaupata.

Kazi ya wiki hii

Kila mmoja wetu achague kazi moja aifanyayo kila siku, dukani, ofisini au jikoni. Kwa siku tatu aandike daftarini kila mara alipongoja, alipotafuta kitu, na aliporudia jambo lililoharibika. Siku ya nne achague hasara moja tu, aiulizie "kwa nini" mara tano, na awaulize kwanza wale wanaoifanya kazi hiyo kwa mikono yao: mpishi, mchukuzi, mwanafunzi wa fundi. Siku ya tano arekebishe jambo moja dogo. Asiyeziba ufa atajenga ukuta.

Na tukikutana tujadiliane maswali haya: Ni kitu gani nyumbani kwako kinachoitwa akiba, nacho kwa kweli ni mrundo? Ni kazi gani uifanyayo ambayo hapana mtu angekubali kuilipia? Na je, wako unaowangojesha kila siku, bila ya kujua kuwa unawala umri wao?

Mkutano wetu ujao, inshallah, utaanza kwa saa yake.